Nani Aamue? Odhiambo Mbai na Ugatuzi Tunaoishi Nao Kakamega

   

Mazungumzo ya leo yanamhusu mwalimu mmoja. Si mwalimu wa huku kwetu Kakamega, na jina lake si la huku kwetu. Alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiitwa Crispin Odhiambo Mbai. Vyombo vingine vya habari vilimwita Dakta, vingine Profesa. Ukiuliza stendi ya matatu hapa mjini, vijana wengi watakuambia hawajawahi kulisikia jina hilo. Si kosa lao. Mwaka alioaga dunia, 2003, wengine hawakuwa wamezaliwa.

Basi kwa nini tumtoe mhadhiri wa Nairobi huko alikolala, tumlete redioni Kakamega? Sababu ni swali moja, ambalo yeye na kamati yake walikaa nalo siku baada ya siku: nani aamue? Zahanati ikitakiwa kijijini, nani aamue ijengwe wapi? Soko likihitaji choo, nani aamue kijengwe lini? Hela za kodi zikikusanywa, nani aamue ziende upande gani? Lishike swali hilo, msikilizaji, maana tutalirudia mara kwa mara. Nani aamue?

Tuanze na mfano wa kila siku.

Chukua mama mmoja pale Shinyalu. Ana watoto wawili katika shule moja, mdogo yuko PP2, mkubwa yuko gredi ya tatu. Asubuhi wanaingia lango lilelile na kupigiwa kengele ileile. Lakini mwalimu wa yule mdogo ameajiriwa na kaunti, na wa yule mkubwa ameajiriwa na TSC, yaani tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Darasa la PP2 likivuja, la kuuliza ni la kaunti. Darasa la gredi ya tatu likivuja, hapo kaunti haina neno, nenda kwa serikali ya kitaifa. Paa zimepakana, wenyewe ni tofauti.

Mama huyo akitoka shuleni anakwenda sokoni kuuza mboga, anatoa ushuru kwa kaunti. Mtoto akipata homa, zahanati atakayoikimbilia ni ya kaunti. Akiibiwa kibeti, polisi atakayemwendea ni wa serikali ya kitaifa. Barabara ya murram inayopita nyumbani kwake ni ya kaunti, lakini akifika kwenye lami kubwa inayokwenda Webuye, hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Ndiyo maana huku kwetu utasikia gavana akitukanwa kwa shimo lisilo lake, na rais akilaumiwa kwa zahanati isiyo na dawa, na wote wawili wakikaa kimya kwa furaha.

Mgawanyo huo wa kazi umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walioketi wakabishana juu yake kifungu kwa kifungu, kwa miaka mingi, na mmoja wao alikuwa mwalimu huyu tunayemzungumzia.

Sasa tumtazame mwenyewe. Mbai alikuwa katika idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Utawala wa umma, kwa lugha ya kawaida, ni somo la jinsi serikali inavyofanya kazi ndani: nani anamwajiri nani, nani anatia sahihi, nani anaulizwa pesa zikipotea. Hili si somo la majukwaa. Mwanafunzi anayelisoma hutumia muda mwingi kwenye ripoti za tume na sheria za mabaraza, karatasi ambazo mtu mwingine angefungia maandazi. Lakini mwalimu aliyelipenda somo hilo anajua kwamba hapo ndipo nchi inapojengwa au kubomolewa, katika kifungu kidogo kinachosema mwenyekiti wa kikao atakuwa nani.

Tena kulifundisha Kenya hakukuwa kazi nyepesi. Wasikilizaji wa umri mkubwa watakumbuka. Mwaka 1982 wahadhiri walikamatwa, wengine wakawekwa kizuizini bila kesi, miongoni mwao Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu. Mwaka 1986 akakamatwa Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya. Wengine walikimbilia ng'ambo. Katika nchi ya namna hiyo, kusimama mbele ya darasa na kuuliza kwa nini mamlaka yote yamejaa kwenye ofisi moja kulikuwa ni kujitafutia makubwa. Somo la siasa halikufa kwa sababu wapo waliobaki darasani wakaendelea kufundisha.

Mwaka 2003, ule ule aliouawa, yalitoka maandishi mawili yenye jina lake. La kwanza ni kitabu kuhusu siasa za mpito nchini, kutoka utawala wa KANU hadi ule wa NARC, alichokihariri pamoja na wenzake Walter Oyugi na Peter Wanyande. La pili ni makala ndefu katika jarida la Kiafrika la sayansi ya siasa, kuhusu uwajibikaji katika utumishi wa umma tangu uhuru. Uwajibikaji, sikiliza neno hilo. Wengi wakimtaja Mbai humtaja kwa ugatuzi peke yake. Lakini aliyeandika kuhusu uwajibikaji mwaka mmoja na ule alioongoza kamati ya ugatuzi hakuwa akiyaona kama mambo mawili. Kuyahamisha mamlaka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha anayeyapokea anaulizwa.

Hiyo nusu ya pili tutaifikia, na hapo ndipo patamu. Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa maana swali la nani aamue lilikuwa limefika Kakamega kabla Mbai hajashika kalamu.

Nani asiyelijua jina la Masinde Muliro? Chuo kikuu chetu kinaitwa kwa jina lake, na pale mjini tuna bustani ya Muliro. Lakini tunamkumbuka kwa lipi? Muliro alikuwa makamu wa kiongozi wa chama cha KADU, kilichoundwa mwaka 1960 chini ya Ronald Ngala wa Pwani. KADU walitaka Kenya ya majimbo, kila jimbo na bunge lake dogo na mamlaka yake. Walihofia kwamba makabila makubwa yangeshika serikali ya Nairobi na wengine wakaachiwa makombo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliwasikiliza. Jimbo la Magharibi likawekwa, makao yake hapa Kakamega.

Halikudumu. Kabla ya mwisho wa mwaka 1964 KADU walikuwa wamevunja chama na kujiunga na KANU, Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakafa kifo cha kimyakimya. Seneti nayo ikafutwa mwaka 1966. Kisha likaja pigo ambalo watu hulisahau, ingawa kwa maoni ya msemaji huyu ndilo lililouma zaidi: mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya kuhamisha kazi za mabaraza ya kaunti. Hadi hapo baraza la kaunti ndilo lililokuwa likishughulikia shule za msingi, zahanati na barabara za mashinani. Sheria ikavinyakua vyote vitatu, vikapelekwa wizarani Nairobi. Baraza likabaki na masoko, machinjio na mbwa wasio na wenyewe.

Kuanzia hapo, nani aliamua? Waziri Nairobi. Na hapa Kakamega, mkono wake ulikuwa mkuu wa mkoa, PC, mtu wa kofia na fimbo, asiyechaguliwa na yeyote kati yetu.

Mwaka 1983 serikali ilileta mpango uliosifiwa sana, wa kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo. Kamati ya maendeleo ya kila wilaya ikapewa nafasi kubwa zaidi. Watu wakapiga makofi. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Mkuu wa wilaya, DC, ambaye bosi wake alikuwa Ofisi ya Rais. Mnaona basi kwa nini msomi wa utawala wa umma huanza kwa kutafuta mwenyekiti? Kikao kilishushwa hadi wilayani, uamuzi ukabaki ulipokuwa.

Kuna jambo jingine la kulisema waziwazi, na si zuri. Miaka ya mwanzo ya 1990, wanasiasa fulani waliporudisha wito wa majimbo, wito huo ulifuatana na mapigano ya kikabila. Bonde la Ufa liliungua, na huku Magharibi watu wa Bungoma na Mlima Elgon waliuawa na kufukuzwa. Jamaa zetu wa Likuyani na Lugari, wanaopakana na Uasin Gishu, hawahitaji kusimuliwa, waliwapokea waliokimbia. Kwa hiyo mtu yeyote aliyesimama mwaka 2003 akasema mamlaka yatoke Nairobi yaende mashinani, alikabiliwa na hofu ya kweli: je, mnataka kutugawa? Mnataka kila mtu arudi kwao? Hofu hiyo haikuwa ya wajinga. Ilitaka majibu yenye akili, na yawe maandishini.

Hapo ndipo Bomas inapoingia.

Tume ya Marekebisho ya Katiba, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ilikuwa imezunguka nchi nzima kukusanya maoni. Kisha tarehe 28 Aprili 2003 ukafunguliwa mkutano mkuu wa katiba pale Bomas of Kenya, Nairobi. Wajumbe walikuwa 629. Wabunge walikuwemo, wenye vyama, wa dini, wafanyakazi, wanawake, na wajumbe watatu kutoka kila wilaya. Wakati huo Magharibi ilikuwa na wilaya nane, na eneo tunaloliita leo Kaunti ya Kakamega lilikuwa limekatwa vipande vitatu: Kakamega, Butere-Mumias na Lugari. Kwa hiyo sauti za huku zilikuwemo ukumbini.

Kazi iligawanywa katika kamati. Kamati ya ugatuzi ikapata mwenyekiti: Odhiambo Mbai.

Tafakari uzito wa kiti hicho. Kamati nyingine zilijadili haki za raia au alama za taifa, mambo ambayo watu wanaweza kukubaliana na kwenda kunywa chai. Kamati ya ugatuzi ilijadili nani atoe na nani apokee. Kila kifungu kilikuwa kinamnyang'anya mtu kitu: waziri apungukiwe, mkuu wa mkoa aondoke, hazina kuu ifunguliwe. Na wajumbe wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Wapo waliotaka mikoa yenye nguvu, wapo waliotaka wilaya tu, na wapo waliotaka mambo yabaki yalivyokuwa. Mwenyekiti alitakiwa kuwasikiliza wote, kisha mwisho wa siku pawepo karatasi yenye maneno yanayoeleweka.

Mwaka huo nchi ilikuwa na majonzi tayari. Tarehe 23 Agosti 2003, Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki London. Huku Magharibi kila boma lilikuwa na matanga, na mwanzoni mwa Septemba maelfu walikwenda Kitale kumzika. Watu walikuwa hawajafuta machozi.

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2003, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Odhiambo Mbai jijini Nairobi, wakampiga risasi. Akafa.

Habari zilipofika Bomas, kulikuwa na kilio na kulikuwa na hasira. Wajumbe wengi walisema hadharani kwamba hawaamini kuwa huo ulikuwa wizi wa kawaida. Raila Odinga, aliyekuwa waziri katika serikali ya wakati huo, alisema ni mauaji ya kisiasa. Polisi walikamata washukiwa na kuwafikisha mahakamani. Lakini kama kulikuwa na aliyewatuma, na kama alikuwepo alitaka nini, umma wa Kenya haujapata jibu uliloridhika nalo. Redio haitajaza pengo hilo kwa uvumi.

Tunachoweza kukisema ni hiki. Kamati haikuvunjika. Wajumbe waliendelea, na tarehe 15 Machi 2004 wakaipitisha rasimu ya Bomas, yenye sura nzima ya ugatuzi ndani yake.

Sasa hapa, wasikilizaji, inafaa tuwe waangalifu. Katika mazishi na kumbukumbu, marehemu huongezwa urefu. Utasikia mtu akisema Mbai ndiye baba wa kaunti zetu 47. Si kweli hivyo. Rasimu ya Bomas ilikuwa na ngazi nne: taifa, mkoa, wilaya na lokesheni. Kaunti 47 hazikuwemo. Rasimu hiyo ikafanyiwa marekebisho serikalini, ugatuzi ukapunguzwa nguvu, na tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya wakaikataa kwenye kura ya maoni, ile ya ndizi na chungwa. Yakaja machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ikaundwa Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, ikaleta rasimu yenye mikoa na kaunti. Wabunge wakajifungia Naivasha mwezi Januari 2010, wakatoka wameifuta mikoa na kubakiza kaunti 47 kwa kufuata ramani ya wilaya za mwaka 1992. Ndiyo maana Lugari na Butere-Mumias zikarudi nyumbani Kakamega. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga kura, Magharibi ikiunga mkono kwa wingi mkubwa, na tarehe 27 Agosti Katiba ikatangazwa.

Kwa hiyo umbo la kaunti si la Mbai. La Mbai na wenzake ni jambo lililo chini ya umbo: kwamba mamlaka ya mashinani yalindwe na Katiba yenyewe, yasiwe hisani ya rais anayeweza kuyafuta kama yalivyofutwa mwaka 1964 na 1969. Baada ya Bomas hapakuwa na rasimu iliyothubutu kuja bila sura ya ugatuzi. Walibishana kuhusu ngazi ngapi. Hawakubishana tena kama uwepo.

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ukaleta magavana. Hapa Kakamega akaingia Wycliffe Oparanya, na bunge la kaunti lenye wadi 60. Nani aamue? Sasa swali lilikuwa limefika mlangoni kwetu, na lilikuja na mizigo.

Mfano wa kwanza ni afya. Hospitali kuu iliyokuwa ya mkoa, ambayo wazee bado wanaiita PGH, ikawa ya kaunti. Mwaka huo huo wa 2013 kaunti, kwa ushirikiano na UNICEF, ilianza mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Watu wakaubatiza Oparanyacare, na jina likashika. Mama mjamzito asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa awamu, mara sita, mradi ahudhurie kliniki, ajifungulie kituo cha afya, na mtoto akamilishe chanjo. Mpango wa namna hiyo usingetungwa na wizara ya Nairobi kwa ajili ya Kakamega peke yake. Uliwezekana kwa kuwa uamuzi ulikuwa hapa.

Lakini hapa hapa ndipo penye kidonda. Wahudumu wengi wa afya nchini hawakuupenda ugatuzi wa afya, na walikuwa na sababu: mishahara iliyochelewa, vyeo vilivyokwama, upendeleo katika kuajiri. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka 2017. Wagonjwa waliokufa kipindi hicho hawakujali kama uamuzi ulikuwa Nairobi au Kakamega. Na ile hospitali kubwa ya mafunzo na rufaa, ambayo kaunti ilianza kuijenga hapa kwa matumaini makubwa, ilikwama miaka mingi ikiwa zege tupu.

Mfano wa pili ni wa siasa zenyewe. Mwezi Aprili 2018, kongamano la tano la kila mwaka la ugatuzi lilifanyika Kakamega. Mji ulijaa hadi wenye nyumba za kulala wageni wakakosa vyumba. Magavana, maseneta na wabunge wa wadi walikuja, na ilikuwa wiki chache tu baada ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na mpinzani wake Raila Odinga kusalimiana kwenye ngazi za Harambee House. Raila aliposimama kuhutubia, alisema nini? Alipendekeza iongezwe ngazi ya tatu ya serikali, ya kanda, juu ya kaunti. Waliokumbuka Bomas walielewa mara moja. Ile ngazi ya mkoa iliyokuwemo kwenye rasimu ya 2004, ikafutwa Naivasha 2010, ilikuwa imebisha hodi tena, hapa Kakamega, karibu miaka 15 baada ya mwenyekiti wa kamati yake kuuawa.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 2020, na huu una ladha ya pekee. Maseneta walishindwa kukubaliana kuhusu fomula ya kugawa pesa kati ya kaunti. Vikao vikaahirishwa mara baada ya mara. Kaunti zikakaukiwa, mishahara ikasimama. Mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati huo alikuwa nani? Oparanya wa Kakamega. Na mmoja wa maseneta waliopiga kelele zaidi kuipinga fomula? Cleophas Malala, seneta wa Kakamega. Mwezi Agosti polisi walimkamata Malala pamoja na maseneta wenzake wa Bomet na Samburu, na Seneti ikachafuka. Septemba wakapatana, kwa ahadi ya kuongeza pesa za kaunti zote ili kusiwe na kaunti ya kupoteza.

Mtu anaweza kuyatazama hayo akasema ni vurugu tupu. Mwalimu wa siasa angeyatazama vingine. Mwaka 1969 kazi za mabaraza zilichukuliwa kwa sheria moja, na nchi ikalala usingizi. Mwaka 2020 mabilioni ya kaunti yaliposhikiliwa, nchi nzima iligombana hadharani kwa miezi, na mwishowe serikali kuu ikalazimika kuongeza. Ugomvi wa aina hiyo ndio ambao kazi iliyofanywa Bomas ilikusudia uwezekane.

Na kama unadhani watu wa hapa hawaujali ugavana, kumbuka Agosti 2022. Karatasi za kura za ugavana za Kakamega na Mombasa zilikuja na makosa, picha na majina ya wagombea hayakuwa ya kwao, uchaguzi ukaahirishwa. Tarehe 29 Agosti watu wakatoka tena, kupiga kura ya gavana peke yake, rais akiwa ameshatangazwa. Wakamchagua Fernandes Barasa.

Sasa tuifikie ile nusu ya pili niliyoiahidi. Uwajibikaji.

Wakenya hutania kwamba kilichogatuliwa ni ulaji. Utani huo una ukweli mchungu. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti kuhusu kila kaunti, na kila mwaka zina kurasa nyingi za maswali: malipo yasiyo na stakabadhi, miradi iliyolipiwa ikiwa nusu, madeni ya wanakandarasi. Ugatuzi bila uwajibikaji ni kama kuhamisha ng'ombe kutoka zizi la mbali hadi zizi la karibu huku mwizi ndiye aliyepewa ufunguo. Makala ya Mbai ya mwaka 2003 ilikuwa imeliweka suala hilo mezani kabla kaunti hazijazaliwa. Chanzo kimoja kinajulikana kwa wasomi wote wa utawala wa Kenya: mwaka 1971 tume ya Ndegwa kuhusu utumishi wa umma ilipendekeza watumishi hao waruhusiwe kufanya biashara zao huku wakiwa kazini. Tangu hapo anayetoa tenda na anayeipokea wanaweza kuwa wanalala nyumba moja. Kaunti ziliurithi utamaduni huo pamoja na madawati ya baraza la zamani.

Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye umbali, na kwenye sheria. PC hukuweza kumpigia kura. MCA, mbunge wako wa wadi, unamjua kwao, unamjua baba yake, na usipomchagua ndiyo basi. Katiba imeweka ushiriki wa umma, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka hata tarehe. Wasikilizaji wengi hukosa nafasi yao hapo tu, kwa kutojua tarehe. Kwa hiyo chukueni kalamu, au mwambieni mtoto aandike kwenye simu.

Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inatakiwa kuwasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Zahanati isiyokuwemo humo haitapata pesa, hata gavana akiahidi kwenye mazishi kumi. Kufikia tarehe 28 Februari hutoka waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe huwa mezani kwa bunge la kaunti. Narudia: 1 Septemba, 28 Februari, 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, vingine hufanyika ngazi ya wadi, na mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache wanaojuana na msimamizi wa wadi, ambao hula soda, hutia sahihi na kurudi nyumbani.

Wanafunzi wa sayansi ya siasa pale Masinde Muliro, hiki ni kikao cha kwenda na daftari. Akina mama wa soko la Khayega, wenye boda boda wa Lubao, wazee wa Ileho, kikao ni chenu. Nakala ya mpango inaombwa katika ofisi za kaunti au za wadi, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Wakikuambia haipo, waombe waliandike hilo jibu. Itafute wadi yako kwenye orodha, utazame mradi uliotajwa, kisha wakati wa maswali uinuke uulize umeamuliwa na nani.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, saa kama hii, atakuwepo mgeni wa kutueleza jinsi ya kuisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Maswali yenu yatumeni mapema.